Ndani ya Chupa Kuna Nini?

Dawa ya mtoto lazima iwe tamu. Kila mzazi anaijua hii vita: mtoto ameshikwa mikono, kijiko kimeingia mdomoni, na sekunde mbili baadaye dawa yote iko kwenye fulana. Ndiyo maana watengenezaji huichanganya dawa na kitu kizito na kitamu kinachoteleza kooni. Mara nyingi kitu hicho ni gliserini, au jamaa yake anayeitwa propilini glikoli. Hawa wawili hawana neno. Tatizo ni binamu yao, diethilini glikoli, ambaye wanakemia humwita DEG kwa kifupi. Naye pia hana rangi, hana harufu, na ni mtamu. Kazi yake iko viwandani, kwenye plastiki, kwenye mafuta ya breki, kwenye maji yanayozuia injini kuganda huko kwenye nchi za baridi. Bei yake ni nafuu kuliko gliserini safi. Akiingia kwenye chupa ya dawa, hakuna ulimi wala pua itakayokuambia.

Maabara inaweza kukuambia. Lakini maabara hujibu lile swali iliyoulizwa, na kwa karibu miaka 90 sasa, sehemu mbalimbali za dunia, watu wamekuwa wakifa kwa sababu swali liliulizwa kwa kuchelewa.

Tuanze Marekani, 1937. Penisilini ilikuwa bado haijafika madukani. Dawa iliyotikisa dunia wakati huo ilikuwa salfanilamaidi, ya kwanza ya maana kupambana na bakteria, na watu walikuwa wakiimeza kwa koo, kwa kisonono, kwa kila kitu. Iliuzwa kama tembe na unga. Mwezi wa Juni mwaka huo, mchuuzi wa kampuni ya S. E. Massengill, iliyokuwa Bristol, Tennessee, aliripoti kwamba wateja wa majimbo ya kusini walikuwa wanaitaka ya maji. Ngoma ilikuwa kwamba salfanilamaidi haikubali kuyeyuka kirahisi. Mwanakemia mkuu wa kampuni, Harold Watkins, alijaribu hiki na kile hadi akapata kiyeyushi kilichokubali. Kilikuwa DEG. Akatia rangi na ladha ya rasiberi, na dawa ikaitwa Elixir Sulfanilamide.

Kabla ya kuuzwa ilipitia maabara ya kampuni. Hilo ni muhimu, kwa hivyo nalirudia: ilipimwa. Walipima ladha, wakapima harufu, wakaangalia ilivyoonekana kwenye chupa. Ikafaulu yote matatu. Hakuna aliyempa hata panya mmoja tone moja aone kitakachotokea, na sheria ya dawa ya Marekani wakati huo, ile ya 1906, haikumlazimu yeyote kufanya hivyo.

Mapema Septemba shehena zikatoka. Oktoba madaktari wa Tulsa, Oklahoma, wakaanza kuona jambo moja likijirudia. Mtoto anakuja na koo, anapewa dawa, halafu anaacha kukojoa. Tumbo linauma, anatapika, anavimba, na figo zinazima kabisa. Wengine waliteseka wiki moja, wengine tatu. DEG ikiingia mwilini, ini huivunja, na moja ya vitu vinavyopatikana huua chembe za figo. Wakati mwingine huendelea hadi kwenye mishipa ya fahamu.

Madaktari walipeleka habari kwa chama cha madaktari cha Marekani, ambacho kilikuwa na maabara yake Chicago. Maabara ikaichambua dawa na kuitoa DEG peupe. Lakini kujua kitu kimo ndani ya chupa si sawa na kujua kwamba hicho ndicho kinachoua. Labda ilikuwa salfanilamaidi yenyewe, nani angejua? Ilikuwa dawa mpya. Swali hilo likapelekwa kwa Eugene Geiling, profesa wa famakolojia katika Chuo Kikuu cha Chicago. Maabara yake iliwapa wanyama vitu hivyo kimoja kimoja: salfanilamaidi peke yake, kiyeyushi peke yake, na ile dawa nzima. Mmoja wa wanafunzi wake alipewa kazi ya kuwatazama panya. Waliopewa salfanilamaidi pekee walikuwa sawa. Waliopewa kiyeyushi walikufa, figo zikiwa zimeharibika vilevile kama za wale watoto. Mwanafunzi huyo alikuwa Frances Oldham, baadaye Frances Kelsey. Liweke jina hilo kichwani.

Kilichofuata kinafanana na filamu. Mamlaka ya dawa na chakula, FDA, ilikuwa na wakaguzi na wanakemia 239 nchi nzima, na karibu wote walitupwa barabarani kuzitafuta chupa. Hakukuwa na kompyuta. Walifungua vitabu vya mauzo vya maduka ya dawa, wakafuata majina, wakabisha milango. Wakati mwingine daktari alikuwa ameandika kwenye kitabu jina moja tu, bila anwani. Daktari mmoja aliahirisha arusi yake ili amsaidie mwanakemia wa FDA kumtafuta mtoto wa miaka mitatu ambaye familia yake ilikuwa imehamia milimani na chupa ndani ya mizigo.

Kampuni ilikuwa imetengeneza galoni 240. FDA ilizipata galoni 234 na ushee. Fanya hesabu: kilichonywewa hakifiki galoni sita za Marekani, yaani lita 23 hivi. Ule mtungi wa njano tunaochotea maji ni lita 20. Mtungi mmoja na kidogo uliua zaidi ya watu 100 katika majimbo 15, na watoto walikuwa wengi miongoni mwao.

Sasa cheki sheria ilivyokuwa. FDA haikuwa na uwezo wa kuikamata dawa kwa sababu inaua. Kuua hakukuwa kosa la lebo. Kosa walilolipata ni neno "elixir", ambalo kwa desturi ya wafamasia lilimaanisha dawa iliyoyeyushwa kwa alkoholi, na humu alkoholi haikuwamo. Kama Massengill wangeiita tu "mchanganyiko", chupa zingebaki dukani kihalali. Mwenye kampuni alisema haoni lawama yoyote upande wao. Walitozwa faini ya dola 26,100. Watkins, yule mwanakemia, alijiua. Tarehe 25 Juni 1938 Rais Roosevelt alitia saini sheria mpya iliyosema dawa lazima ithibitishwe kuwa salama kwanza, iuzwe baadaye. Na Frances Kelsey? Mwaka wa 1960 alikuwa amejiunga na FDA, akapewa faili la dawa ya usingizi iitwayo thalidomaidi. Akakataa kuipitisha, akaomba ushahidi zaidi, akaomba tena. Ulaya ilikuwa imeshaikubali, na maelfu ya watoto walizaliwa huko wakiwa na viungo vilivyokatika njiani.

Hadithi hii husimuliwa hivyo, na mara nyingi huishia hapo, eti dunia ilijifunza. Marekani ilijifunza. Sisi wengine tuliachiwa karo.

Hebu kwanza tuone maabara inafanyaje kazi yake, kwa sababu bila hilo yanayofuata hayaingii akilini. Chukua kalamu nyeusi ya wino wa maji, weka nukta kwenye tishu, kisha chovya ncha ya tishu kwenye kikombe cha maji. Maji yatapanda polepole, yatafika kwenye nukta, yataibeba. Baada ya dakika chache utaona kwamba ile nyeusi haikuwa nyeusi: kuna bluu, kuna zambarau, kuna manjano, kila moja imeishia mahali pake. Umefanya kromatografia. Aliyeipa jina hilo, mwaka wa 1906, ni mtaalamu wa mimea Mrusi aliyefanya kazi Warsaw, Mikhail Tsvet. Alikuwa akimimina maji ya majani mabichi juu ya mrija uliojaa unga wa chaki na kuona rangi zikijipanga. Jina lake la ukoo, kwa Kirusi, maana yake ni rangi. Sijui kama mtu anaweza kuzaliwa na kazi yake mgongoni hivyo.

Toleo linalotumika sana kwenye dawa huwa na kisahani chembamba kilichopakwa unga wa silika badala ya tishu. Unaweka nukta ya sampuli, kando yake unaweka nukta ya gliserini safi na nukta ya DEG, halafu unakisimamisha kwenye kiyeyushi. Kila kitu hupanda kwa mwendo wake. Nukta ya sampuli ikikomea mahali DEG ilipokomea, una swali la kujibu. Haihitaji umeme mwingi wala mashine ya mamilioni. Ukitaka uhakika kamili, unaenda kwenye mashine kubwa: sampuli inapashwa moto hadi iwe gesi, inapitishwa kwenye mrija mrefu mwembamba, na kila kiambato kinatoka kwa saa yake. Mashine ya pili inakivunja vipande na kuvipima. Vipande hivyo ni kama alama za vidole. Unalinganisha na maktaba ya kemikali zinazojulikana.

Lakini shida kubwa haiko kwenye mashine. Ukiipelekea maabara sirapu ya paracetamol na kuuliza, "paracetamol iliyomo ni kiasi kilichoandikwa?", itapima, itakuambia ndiyo, na jibu litakuwa la kweli. Paracetamol iko, kiasi ni sahihi. Kilichoibeba hukukiuliza. Vipimo vya dawa kwa kawaida vimejengwa kuthibitisha kilicho kwenye lebo. Kutafuta kisichokuwa kwenye lebo ni kazi nyingine kabisa, kwa sababu orodha ya visivyokuwa kwenye lebo haina mwisho. Wachina waliokuwa wakiuza maziwa yaliyoongezwa maji walilijua hili vizuri: kipimo cha protini kilikuwa kinahesabu naitrojeni tu, kwa hivyo walitia melamini, kemikali ya plastiki iliyojaa naitrojeni, na maziwa yakafaulu kipimo. Mwaka wa 2008 watoto wakaanza kupata mawe kwenye figo.

Mwaka wa 1990, Nigeria. Watoto wa Ibadan na Jos walianza kufa kwa figo. Walikuwa wamepewa sirapu ya paracetamol, na ndani yake, mahali pa propilini glikoli, kulikuwa na DEG. Wakati huohuo Bangladesh madaktari wa hospitali ya watoto Dhaka walikuwa wanazika mamia, na kwa muda mrefu hawakujua kwa nini, mpaka dawa ilipopelekwa kupimwa Marekani. Mwaka wa 1996 ilikuwa zamu ya Haiti: watoto 88 walikufa, gliserini ikiwa imetoka China kupitia madalali wa Ulaya, na cheti kikisema ni safi. Baada ya Haiti wanakemia wa FDA walitoa maelezo ya kipimo kile cha kisahani, mahsusi kwa kutafuta DEG ndani ya gliserini. Hiyo ilikuwa 1998. Kipimo rahisi, cha bei rahisi, kikachapishwa, na yeyote angeweza kukitumia.

Kisha Panama, 2006. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu sijaona kesi nyingine inayoonyesha vizuri hivi kazi ya kutafuta kitu usichokijua.

Septemba ya mwaka huo, katika hospitali kubwa ya umma ya Jiji la Panama, wazee walianza kuingia wakiwa hawakojoi. Siku chache baadaye miguu inakufa ganzi, ganzi inapanda, uso unalegea, pumzi inakatika. Nusu na zaidi walikuwa wanakufa. Madaktari walifikiria ugonjwa wa mishipa ya fahamu, wakafikiria virusi. Daktari Néstor Sosa, mtaalamu wa magonjwa ya kuambukiza, aliongoza timu ya kuchunguza. Walipozipitia faili waliona kitu: wengi wa wagonjwa walikuwa na presha, na wengi walikuwa wanameza lisinopril. Basi ndiyo hiyo, si ndiyo? Serikali ikaiondoa lisinopril sokoni. Sampuli zake zikapimwa. Hazikuwa na kitu.

Jibu lilitoka kwa mgonjwa aliyeugulia wodini. Mtu huyu alikuwa ameletwa kwa sababu ya moyo, bila dalili hata moja ya ule ugonjwa, na ukampatia kitandani. Kwa hivyo kila alichopewa kilikuwa kimeandikwa. Alipewa lisinopril. Lisinopril inajulikana kwa jambo moja dogo linaloudhi: huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu. Akakohoa. Akapewa dawa ya kikohozi.

Ile dawa ya presha haikuwa muuaji. Ilikuwa inawaelekeza watu kwenye chupa ya pili.

Chupa zilisafirishwa hadi Atlanta, kwenye maabara za CDC, pamoja na sampuli za dawa nyingine walizotumia wagonjwa. Dawa ya kikohozi isiyo na sukari ilikuwa na DEG takriban asilimia 8. Kiwango kinachokubalika kisichovuka ni asilimia 0.10. Sirapu ilikuwa imetengenezwa na maabara ya serikali yenyewe, na chupa kama 260,000 zilichanganywa na ile gliserini. Watafiti waliorudi kuhesabu baadaye waliwatambua wagonjwa 119 wa kipindi kile, 78 kati yao wakiwa wamekufa. Serikali ilipita mitaani na hata kwenye vijiji vya mbali ikiomba watu warudishe chupa, kama FDA ya 1937.

Mapipa yalikuwa 46. Waandishi wa New York Times waliyafuata kinyumenyume: kutoka kwa mfanyabiashara wa Panama hadi kampuni ya Barcelona, kutoka Barcelona hadi kampuni ya Beijing, kutoka Beijing hadi kiwanda cha Taixing, karibu na mto Yangtze. Kiwanda hakikuwa na kibali cha kutengeneza viambato vya dawa. Kilikiuza kitu hicho kwa jina la "gliserini ya TD". Herufi hizo zilitokana na neno la Kichina linalomaanisha kibadala. Yaani lebo ilikuwa imesema ukweli, kwa lugha ambayo hakuna aliyejisumbua kuiuliza. Njiani cheti kilinakiliwa, jina la mtengenezaji likafutwa, usafi ukabaki asilimia 99.5 kwenye karatasi. Pipa lilipita mabara matatu, na katika mnyororo wote huo hakuna mtu aliyelifungua akapima. Kisahani cha 1998 kingeonyesha.

Mwaka uliofuata, hapohapo Panama, mtumishi wa serikali aliyekuwa akinunua vitu dukani alisoma maandishi ya dawa ya meno ya bei poa, akaona "diethylene glycol" imeandikwa waziwazi. Alikuwa anakumbuka habari za kikohozi. Akainunua, akaipeleka wizara ya afya. Dawa hiyo ya meno ilikuja kuondolewa katika nchi zaidi ya thelathini. Forodha za nchi zote hizo hazikuwa zimeisoma lebo.

Twende Gambia. Mwisho wa Julai 2022, Daktari Abubacarr Jagne, mtaalamu wa figo katika hospitali ya rufaa ya Edward Francis Small, Banjul, alianza kuitwa kwa watoto wadogo waliokuwa hawakojoi. Kwa kawaida visa vya figo kwa watoto wa umri huo ni vya nadra. Sasa vilikuwa vinakuja mfululizo, na wengi walikuwa chini ya miaka mitano. Kulikuwa na mafuriko mwezi huo, kwa hivyo wazo la kwanza lilikuwa bakteria wa maji machafu. Wazo zuri, halina kosa. Lakini wazazi waliulizwa walichowapa watoto nyumbani, na jibu likawa sirapu, sirapu, sirapu.

Hapo ndipo nchi ya watu milioni mbili na nusu hivi iligundua kwamba haina maabara ya kupima dawa. Haikuwa nayo, kwisha. Kila chupa iliyoingia bandarini Banjul ilikuwa imeingia kwa imani ya karatasi za mtu mwingine. Sampuli zikabidi zipande ndege. Agosti ikapita. Septemba ikapita. Chupa zilikuwa bado ziko kwenye maduka na kabati za watu, na watoto waliendelea kuletwa. Tarehe 5 Oktoba Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari: sirapu nne za kampuni ya Maiden ya Haryana, India, zilikuwa na DEG na ndugu yake ethilini glikoli kupita kiasi. Karibu watoto 70 walikuwa wamekufa.

Kampuni ilikana. Desemba serikali ya India ilisema imepima sampuli zilizobaki kiwandani na kuzikuta ziko sawa. Ripoti ya CDC pamoja na wanasayansi wa Gambia ya mwaka uliofuata ilisema vifo vinahusiana na dawa zilizoagizwa kutoka nje. Maabara ya huku, maabara ya kule, na katikati wazazi waliokwenda mahakamani. Mwaka huohuo wa 2022 Indonesia ilipoteza watoto zaidi ya 200 kwa sumu ileile, Uzbekistan ikapoteza makumi. Mwaka wa 2023 Cameroon: sirapu moja ya mafua ilipopimwa, DEG ilifika asilimia 28.6.

Wakenya huenda mnasema haya ni ya mbali. Lakini tuna historia yetu na familia hii ya alkoholi. Novemba 2000, mitaa ya mabanda ya Nairobi ilizika zaidi ya watu 100 waliokunywa kumi kumi iliyotiwa metanoli, na waliopona wengine walibaki vipofu. Metanoli nayo inafanana na pombe ya kawaida kwa macho na kwa pua. Waliokuwa wakinunua glasi ya shilingi kumi hawakuwa na njia ya kujua. Waliomaliza swali ni wanakemia, baada ya maziko.

Tofauti na Gambia ya 2022, sisi tuna maabara. Ile ya taifa ya kudhibiti ubora wa dawa, NQCL, ilianzishwa kisheria 1992, iko kwenye eneo la Hospitali Kuu ya Kenyatta, na imepitishwa na Shirika la Afya Duniani. Maabara ya MEDS, shirika la makanisa linalosambaza dawa, nayo imepitishwa. Mkemia wa Serikali anapima pombe, sumu na yale magunia ya unga mweupe yanayokamatwa Pwani. Kuna pia lile sanduku kutoka Ujerumani liitwalo Minilab, lenye visahani na chupa za kiyeyushi, ambalo limetumika Kenya na Tanzania kukagua tembe za malaria mbali na miji. Kwa viwango vya bara hili hatujaachwa nyuma. Ila maabara yoyote hupima kidogo katika kingi, na mimi nikiulizwa pesa ya ziada iende wapi, ningesema iende kwenye mapipa, si kwenye chupa. Pipa moja la gliserini huingia kwenye maelfu ya chupa. Ukilipima likiwa pipa, umemaliza kazi kwa kisahani kimoja.

Aprili 2024 magrupu ya WhatsApp ya akina mama yaliwaka moto. Mamlaka ya dawa ya Nigeria, NAFDAC, ilikuwa imetangaza kwamba toleo nambari 329304 la Benylin ya watoto, iliyotengenezwa Afrika Kusini, lilikutwa na DEG nyingi kupita kiasi, na kwamba liliwadhuru wanyama wa maabara waliopewa. Wanyama wa maabara, kama Chicago. Muda mfupi baadaye Bodi ya Famasia na Sumu ilitangaza kuliondoa toleo hilo Kenya, ikasema inachunguza. Tanzania, Rwanda, Zimbabwe na Afrika Kusini zikafanya vivyo hivyo. Kampuni inayomiliki jina hilo, Kenvue, ilisema imepima yenyewe na haikuona DEG.

Picha ya lebo ilisambaa, kila mtu akienda kwenye kabati kulinganisha nambari. Nami nilikuza picha niione vizuri, na kilichonishika macho ni tarehe mbili zilizokuwa chini ya nambari. Dawa ilikuwa imetengenezwa Mei 2021, na ilikuwa inaisha muda Aprili 2024, mwezi uleule wa tangazo. Ilikuwa imekaa kwenye rafu karibu miaka mitatu. Watoto waliopewa chupa za kwanza za toleo lile walikuwa wameshaanza PP1.